Tuliposema Picha Kule Ganze

Mliponiaga mlinipa saa kubwa ya ukutani, nami nikashukuru, ingawa mpaka leo sijaelewa mtu aliyestaafu anaharakishwa kwenda wapi. Kisha mkaniomba niandike kidogo kuhusu kazi. Nimeona niandike sasa hivi, kabla mikono haijazoea kukaa bure. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo mnavijua, na mishahara hainichekeshi.

Nyinyi mmeikuta mashine ya sumaku. Mnamvua mtu pete na hirizi, mnamlaza ndani ya lile bomba, mnamwambia asijitikise, halafu mashine inaanza kugonga utadhani mafundi wa bati wamepanda juu ya paa. Baada ya muda ubongo wa mtoto aliyeponea malaria unaonekana kwenye kioo, tabaka kwa tabaka, na hakuna aliyemgusa hata kwa sindano. Miaka yangu ya mwisho nimekaa na mashine hiyo na nimeipenda. Lakini siku yangu ya mwisho niliwasikia mkilalamika kwamba kina mama wanakubali utafiti asubuhi, na wakifika mlangoni wanageuka. Mlikuwa mnabishana kama tatizo ni kelele au ni ule wembamba wa bomba. Nilitaka kuwauliza mmewaambia nini hasa, kwa maneno gani, ila keki ilikuwa imeshakatwa na watu wanataka hotuba fupi. Basi jibu langu ni hili hapa, na linaanzia miaka ya themanini, wengi wenu hamjazaliwa.

Nilianza kazi katika chumba cha eksirei cha hospitali moja hapa pwani. Nilikuwa msichana wa Kibajuni kutoka mji wa kale wa Malindi, buibui limepigwa pasi, cheti kipya, na nikijiona najua kila kitu. Aliyenipokea ni Bwana Mutinda, Mkamba mnene mwenye miwani, aliyekuja pwani kwa mwaka mmoja na akasahau kurudi kwao. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Kiswahili chake, Mungu amrehemu, kilikuwa cha bara kabisa.

"Shikamoo, Bwana Mutinda," nilimwambia.

"Mzuri sana," akanijibu.

Nikamweleza kwa upole kwamba shikamoo hujibiwa marahaba. Akaniambia, "Sawa, nitajaribu," na kwa miaka yote niliyofanya kazi naye aliendelea kuwa mzuri sana.

Siku hizo picha ya eksirei tulikuwa tunaisafisha wenyewe kwa mkono, kwenye chumba cha giza, ndani ya mabeseni ya dawa. Nguo zangu zilinuka siki na chuma hata mamangu akakataa nizianike karibu na zake. Lakini somo kubwa la Mutinda halikuwa la chumba cha giza. Kabla hujamweka mgonjwa mezani, alisema, mshike mkono. "Kama mkono yake ni baridi na jua liko hivi, hiyo ni uoga. Ngoja kwanza. Ongea na yeye." Chuoni nilifundishwa pembe na umbali, jambo la mkono sikulisikia kwa mwalimu yeyote. Nimelifanya mpaka siku mlipokata keki.

Baada ya muda ikaja mashine mpya, ile ya mawimbi ya sauti. Leo kila kliniki ya wajawazito inayo, lakini wakati huo sisi tuliizunguka mara tatu kabla ya kuthubutu kuigusa. Haikuletwa kwa ajili ya hospitali. Ililetwa kwa utafiti wa kichocho, na mkuu wa utafiti alikuwa Daktari Wekesa, kijana mwembamba aliyependa ratiba kuliko chakula. Kichocho, kwa wale mliokulia maji ya mfereji, ni mdudu anayeishi kwenye maji yaliyotuama. Anaingia kupitia ngozi, anataga mayai kwenye kibofu, na mtu anaanza kukojoa damu. Ganze, tulikopangiwa utafiti huo, ni kukavu, watu walitegemea lambo moja kwa kunywa, kuoga, kufua na kunyweshea mbuzi, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa wa kila nyumba. Mvulana akikojoa damu wazee walisema amekua.

Daktari Wekesa alitaka kujua mambo mawili: ugonjwa umeharibu nini ndani ya vibofu na mafigo, na vidonge vikitolewa, uharibifu huo unarudi nyuma au la. Zamani ungehitaji kumpasua mtu ili ujue. Sasa tungeweza kutazama bila hata kumkwaruza.

Mashine ilikuwa na ukubwa wa cherehani na uzito wa mbuzi aliyeshiba. Ilisafiri juu ya godoro nyuma ya Landrova, imefungwa kwa leso zangu mbili ili isile vumbi, na mimi nimeikumbatia. Mutinda alisema tukiingia shimoni afadhali niumie mimi, maana mimi napona. Jenereta tuliifunga nyuma ya kiti. Maji safi tulibeba kwa mapipa, kwa sababu kibofu hakionekani vizuri mpaka kijae, na hatungeweza kumwambia mtu akanywe ya lambo kisha tumpime ugonjwa wa lambo.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Kabla ya kuanza uliitishwa mkutano, na naibu wa chifu, Bwana Ngumbao, akawa mkalimani wa Kigiriama. Mutinda alisimama akaeleza kwa kifupi, kwa sababu jua lilikuwa kali na suti yake ilikuwa nzito. "Wiki ijayo mkuje nyinyi wote, na bibi na watoto. Tutawapiga picha za ndani. Hakuna kulipa."

Bwana Ngumbao alikuwa amewahi kufika studio ya Malindi na akapigwa picha akiwa amesimama na ua la plastiki. Alifahamu mara moja. Akawaambia watu kwamba serikali inaleta mpiga picha, na kwamba hawatapigwa picha nje juani kama za vitambulisho. Watapigwa ndani, darasani, kwa heshima zao. Watu walipiga makofi kwa muda mrefu. Sisi tukarudi nyumbani tukisifu jinsi watu wa Ganze wanavyopenda sayansi.

Siku ilipofika tulikuta uwanja wa shule umejaa. Kina hawe, yaani mabibi wazee, walivaa hando mpya, zile sketi za Kigiriama zenye marinda meupe, na shanga tele shingoni. Wanaume walikuwa na koti moja la suti lililokuwa likihama kutoka mgongo hadi mgongo kwa utaratibu mzuri sana. Watoto waling'aa mafuta. Bwana mmoja alikuja na redio yake, ameipangusa vizuri, akaniuliza aishike mkono gani. Mwingine alitaka kujua kama baiskeli itaingia mlangoni. Nilidhani ni watu nadhifu tu.

Sisi nasi tukawazidishia imani. Darasa halikuwa na vifuniko vya madirisha, mwanga ulikuwa mwingi, na kioo cha mashine kilikuwa hafifu. Ili nione kitu ilinibidi nijifunike shuka jeusi kichwani pamoja na mashine. Sasa fikiria mtu aliyewahi kusimuliwa habari za studio, jinsi mpiga picha anavyojifunika kitambaa, anaingia na kumkuta mwanamke ameinama chini ya shuka jeusi mbele ya kisanduku. Alisimama wima, akavuta pumzi, akatulia. Ndipo nikamwambia apandishe shati alale mezani.

Maji nayo yalileta mambo. Kila mtu alipewa jagi anywe mpaka kibofu kijae. Ganze, maji safi yasiyo na tope! Walikunywa mafunda mawili kwa adabu, yaliyobaki wakayamimina kwenye mitungi waliyoificha nyuma ya ukuta. Vibofu vikaja vitupu, nami chini ya shuka naona giza tu. Mutinda alikuja na suluhisho: jagi moja la kunywa mbele yake, jagi la pili la kupeleka nyumbani. Daktari Wekesa aliuliza jagi la pili lina kazi gani katika utafiti. Mutinda akasema, "Hiyo ndiyo inafanya ya kwanza inywewe."

Lakini ubishi ulianzia mlangoni, kwa waliokwisha kupimwa. Walisimama na kunyoosha mkono. Picha iko wapi? Nilimwita mzee wa kwanza nikamwonyesha kioo, ile michirizi ya kijivu inayotembea. Aliinama, akatazama kwa makini.

"Hiyo ni mvua," akasema, "na huku haijanyesha." Akavaa koti, akaondoka.

Wengine walicheka, wengine walinung'unika, na mwenye redio alinuna kabisa. Hapo ndipo Bwana Ngumbao, jasho likimtoka, alipotuuliza faraghani picha za ndani maana yake nini. Tulipomweleza alikaa chini kwenye dawati la watoto.

Katikati ya fujo hiyo aliingia Dama. Jirani zake walimwita Mekahindi, yaani mama yake Kahindi, mtoto wake wa kwanza. Alikuwa na watoto wanne, wote wamevaa mashati ya kitambaa kimoja alichokishona mwenyewe, na wa mwisho alikuwa mgongoni. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi kama chupa ya soda.

Nilipoweka kidude cha mashine ubavuni mwake niliona figo la kushoto limefura na kujaa maji. Kibofu kilikuwa kimeota kuta nene, njia ya mkojo imeziba, na maji yanarudi juu. Nilihamia upande wa pili, na huko pia dalili zimeanza. Nilikuwa nimeona picha ya namna hiyo vitabuni tu. Nikashukuru nilikuwa chini ya shuka asinione uso.

Daktari Wekesa alimweleza vizuri, Ngumbao akitafsiri polepole kuliko alivyowahi kutafsiri maishani. Alimwambia kwamba figo moja liko hatarini na la pili litafuata. Kuna vidonge, lakini kwa hali yake lazima alale hospitali siku chache aangaliwe. Akikawia, mafigo yatakufa, naye atakufa.

Dama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akazungumza Kiswahili, ananitazama mimi.

"Na picha?"

"Mama, picha ndiyo hii tuliyoitazama."

"Mliniambia picha, sina picha. Sasa mwaniambia figo. Nitajuaje kama hilo figo lenyewe lipo?"

Akawakusanya watoto wake akaenda zake. Daktari Wekesa aliandika kwamba amekataa matibabu. Hakufurahi, nasema haki, lakini ratiba ilisema tuhamie kijiji kingine, na mtu mzima ana haki ya kukataa. Mimi nilimwomba ruhusa nimfuate nyumbani kesho yake. Akasema kama nitatumia muda wangu wa chakula. Mutinda, ambaye hajawahi kutoa chakula chake kwa lolote, alisema atanisindikiza.

Tulimkuta Dama anapukuchua mahindi. Alitupa vigoda, akatupa maji ya kunywa, na Mutinda akayatazama yale maji kwa muda. Nilimwambia hatukuja kumlazimisha. Nataka kujua tu kwa nini picha ile ilikuwa kubwa kwake kiasi hicho.

Alijibu huku akipukuchua.

"Dada, mimi nakojoa damu tangu msichana. Sasa ubavu waniuma hata kuinama siwezi. Mamangu alikufa hivihivi, nami mdogo. Uso wake siukumbuki. Nakumbuka mkono tu, ukinipa uji. Nikasema mimi wangu nitawaachia uso. Niliposikia mwapiga picha bure, nikashona mashati." Akamtazama mtoto aliyekuwa miguuni pake. "Huyu hajaota meno. Atanikumbuka kwa kitu gani?"

Nililia pale pale, na sioni haya kuliandika. Yule mama alikuja kwetu kuaga, na sisi tulikuwa na mashine inayoweza kumwambia kwamba haijafika wakati wa kuaga. Neno moja lilituzuia tusielewane.

Mutinda alivua miwani akaifuta kwa shati. "Tulisema picha," akasema. "Tulete picha."

Daktari Wekesa aliposikia alikataa. Watafiti hawagawi zawadi, alisema, hiyo ni hongo. Watu wataingia kwenye utafiti kwa tamaa, si kwa hiari. Hoja yake ilikuwa na maana na nyinyi mnaifundishwa mpaka leo. Nilimjibu kwamba watu hawa wameshaingia, wameshapimwa, na anayepewa alichoahidiwa hajahongwa. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema tumalize kwanza kumpima kila mtu, kisha hata asiyekuja na hata aliyekataa waambiwe waje wapigwe, na picha ziwe za kijiji kizima, si za waliokubali tu. Hilo lilikuwa bora kuliko la kwangu, na nilimwambia hivyo.

Nilikwenda Watamu kwa Abdalla, mtoto wa mama yangu mdogo. Kazi yake ilikuwa kuwapiga picha watalii ufuoni, na msimu ulikuwa umekwisha, filamu zimebaki, naye amelala tu. Alikuja na pazia lililochorwa bustani na bomba la maji yanayoruka juu, na watu wa Ganze walilitazama lile bomba kwa heshima kubwa. Abdalla alizoea kuwaamuru Wataliano watabasamu kwa Kitaliano, na kwa mazoea akawaamuru kina hawe vivyo hivyo. Hakuna aliyetabasamu. Redio iliingia, baiskeli iliingia, koti lile moja lilipigwa picha na wanaume wote wa kijiji. Nilipogeuka nilimwona Daktari Wekesa kwenye foleni, anachana nywele.

Dama alikaa katikati ya watoto wake wanne wa mashati sare, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti. Abdalla alimwomba alegeze uso. Hakulegeza. Alitazama kamera kama mtu anayesomewa hukumu.

Picha zilisafishwa Malindi nami nikazipeleka mwenyewe. Yake aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama sana, akamwita Kahindi akamwonyesha. Kisha akaitia ndani ya leso, akaifunga fundo.

"Haya," akaniambia. "Nipelekeni."

Alilala hospitali, akameza vidonge, akalalamikia chakula, akarudi kwao. Na sisi tukabadilisha maneno. Hatukusema picha tena. Dama ndiye aliyetupa neno, pale wodini, akimweleza mgonjwa wa kitanda cha pili: "Si picha, mama. Wakuchungulia tu. Huna utakachokwenda nacho nyumbani, lakini wao wanaona." Tukaanza kusema hivyo kila kijiji, tutawachungulia tumboni kwa sauti msiyoisikia, na hamtaondoka na kitu. Hakuna tena aliyekuja na baiskeli, na walikuja wengi kuliko mwanzo. Kwa hiyo nawauliza, wanangu: kwenye ile karatasi ya maelezo ya mashine ya sumaku, bado mmeandika picha?

Baada ya mvua kupita tulirudi Ganze kupima mara ya pili. Hili ndilo lililokuwa swali zima la utafiti, kama uharibifu unarudi nyuma, na vitabu havikuwa na jibu la kutosha. Sikufikiria utafiti wala vitabu. Nilikuwa nikimngoja mtu mmoja.

Dama aliingia, safari hii peke yake. Nilimshika mkono, na sikuweza kujua wake ulikuwa baridi au wangu. Alikuwa amekunywa jagi zima. Nikajifunika shuka, nikaanza upande wa kulia, ule uliokuwa afadhali, kwa woga tu. Kisha nikahamia kushoto. Nilitafuta lile dimbwi jeusi la maji nisilione. Nikamgeuza ubavu, nikatafuta tena. Figo lilikuwa limenywea, limerudi dogo na safi, mahali pake.

Sheria ilisema mpimaji hasemi kitu mpaka daktari atazame. Nilinyamaza, lakini machozi yalikuwa yakidondoka kwenye vitufe vya mashine, na Mutinda akatoa kichwa changu nje ya shuka akidhani nimezidiwa na joto. Daktari Wekesa akaja. Alijifunika, akatazama, akakaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka nywele zilikuwa zimemsimama.

"Mwambie wewe," akaniambia.

Nikamwambia Dama kwamba figo limepona.

"Kwani lipo?"

"Lipo. Yote mawili yapo, na ni mazima."

Alishuka mezani, akajifuta jeli kwa leso, akajifunga vizuri. Alikwenda mpaka mlangoni halafu akageuka.

"Yule nduguyo wa Watamu," akasema, "bado yuko?"

"Yuko. Wamtakia nini?"

"Picha ile aliyonipiga ni ya maiti. Hata watoto wanaiogopa. Mwambie aje anipige nyingine, ya kuzeeka nayo."